Bonde la Isaro na Maksai wa Mwikwabe

Jenoveva alipoolewa na Mwikwabe Wankyo, ndugu zake wa Nyegina walimcheka chini kwa chini. Binti aliyekulia jirani na misheni, anayejua kusoma na kushona, kumbe anakwenda kumpikia mswaga ng'ombe! Maana siku zile Mwikwabe hakuwa na kazi nyingine. Aliwaswaga ng'ombe wa watu kwa miguu kutoka minada ya Bunda hadi Musoma mjini, kwa mchinjaji mmoja aitwaye Hasani, mwenye bucha karibu na soko. Viatu vyake vilikuwa vya matairi, na harufu ya zizi haikumtoka hata siku ile alipokwenda kuposa. Lakini Jenoveva alikwisha kumpenda, na alikuwa na sababu. Mwikwabe akisema atafanya jambo, hulifanya. Kwa vijana wa wakati ule, kama wa wakati wowote, hilo halikuwa jambo dogo.

Akampeleka kwao, kwenye mteremko wa mlima Kiterere, katikati ya Butiama na Bunda. Miji ilikuwa imetawanyika huku na huku mlimani, kila mmoja na boma lake na shamba lake la mtama. Chini kidogo ya boma la Wankyo, mlima ulijikunja kama kiwiko, na ndani ya kiwiko kile palikuwa na bonde la Isaro. Jenoveva alilipenda siku ya kwanza tu. Mikuyu ilisimama minene, magimbi na matete yalijazana chini yake, na maji yalitoka katikati ya mawe, baridi hata mchana wa jua kali. Mwanamke aliweza kuinama na mtungi wake, akajaza, akaondoka bila kuchafua kitambaa.

Ng'ombe hawakukanyaga Isaro. Hiyo ilikuwa amri iliyokuwapo kabla babu yake Mwikwabe hajazaliwa. Walinyweshwa kule chini, kijito kinapotokea tambarare. Nayo majani ya juu mlimani yalifungwa mvua zikiisha, yakaachwa mpaka kiangazi kibane hasa, ndipo wazee wanatoa ruhusa. Aliyevunja alitozwa mbuzi, na mbuzi yule aliliwa mbele ya macho yake.

Uhuru ulipokuja, mwezi wa Desemba, Mwikwabe ndiye aliyeswaga kundi la ng'ombe wa sherehe kuingia Musoma. Alikuwa hajapata kuona nyama nyingi namna ile. Watu walichoma, wakachemsha, wakabeba za kwenda nazo nyumbani. Ngoma zililia kutoka Mwisenge hadi ufukweni. Hasani, shati lake limelowa jasho na damu, alimwita pembeni akamkabidhi kipande cha nundu.

"Bwana Mwikwabe," alisema, "umewaona watu hawa? Zamani walikula nyama kwenye arusi na matanga. Sasa tuna makarani, tuna walimu, tuna polisi, wote wanapokea mshahara. Mtu akishaizoea nyama, kwa samaki furu wa ziwani humrudishi tena. Mimi shida yangu ni moja. Ng'ombe unaowaleta wanafika mifupa mitupu."

"Njia ni ndefu, Hasani. Na wakulima wanauza waliokonda, wazuri wanabaki nao."

"Basi usiniletee moja kwa moja. Wapumzishe kwako. Wanenepeshe. Kwenu si kuna majani?"

Kwao kulikuwa na majani. Maneno yale yaliingia katika kichwa cha Mwikwabe, yakakaa.

Akaanza na maksai wachache. Aliwanunua wamekonda mnadani, akawapandisha Kiterere, na baada ya masika moja walishuka migongo imejaa, ngozi inang'aa kama imepakwa samli. Hasani akawapokea kwa furaha. Mwaka uliofuata aliongeza. Nyumba yake ikapata bati. Jenoveva akapata cherehani, Penina, binti yao wa kwanza, akapelekwa shule na viatu miguuni. Ndugu wa Nyegina wakaacha kucheka. Wakawa wanakuja kutembea na kurudi na mguu wa ng'ombe.

Majirani si vipofu. Aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa na wa mahari, naye akatafuta maksai wa bucha. Kisha serikali ikajenga josho la kuogeshea ng'ombe dawa. Kupe wakafa, homa ya ndigana ikapungua, na ndama ambao zamani wangezikwa sasa walikua wakazaa. Watu walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Ila wale wazee waliokuwa wakifunga mlima walikwisha kupungua, na waliobaki wana wao ndio waliokuwa na maksai. Ikawa mlima unafunguliwa mapema kidogo kila mwaka. Halafu ikawa haufungwi.

Jenoveva aliliona jambo hilo kabla ya mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata nyasi za kuezekea jiko. "Baba Penina," alimwambia siku moja, anatua mzigo mdogo wa nyasi fupi, "nimezunguka mlima mzima. Zamani nilikuwaga nakata hapo nyuma ya boma tu."

"Mvua zilikuwa haba."

"Zilikuwa haba mwaka juzi. Mwaka huu zilinyesha."

Mwikwabe alizitazama zile nyasi, akasema atafikiri. Kwa kweli alifikiri, mpaka chakula kilipoiva.

Mwaka wa sabini na nne ukaja na Operesheni Vijiji. Malori yalipita, mgambo wakapita, na miji yote iliyotawanyika Kiterere na kwenye vilima vya mbali ikateremshwa tambarare, nyumba zikapangwa mistari kama shule. Wengine waliingia kwa hiari, wengine walibomolewa kuta wakilia. Mwikwabe hakulia. Alikuwa mtu wa Chama, aliamini kabisa kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji ya bomba. Lakini pamoja na watu walishuka ng'ombe. Ng'ombe wa vilima vyote walilala mahali pamoja, wakaamka pamoja, wakapanda mlima mmoja. Njia zao zilikata mteremko kama makovu ya kiboko. Kijiji kikaanzisha mradi wa kunenepesha maksai wa ujamaa, na mwenyekiti wa kamati ya mifugo akachaguliwa Mwikwabe. Nani mwingine angechaguliwa?

Na mwaka uleule mvua zikakataa.

Ukame ule wengi wanaukumbuka kwa unga wa njano uliogawiwa. Mwikwabe aliukumbuka kwa mlio wa ng'ombe. Ng'ombe mwenye njaa hapigi kelele. Anaguna, polepole, kama mtu anayeongea usingizini. Walianza kuanguka njiani, na kunguru wakawa hawaruki hata ukiwakaribia. Bwana mifugo wa eneo lile, kijana aliyeitwa Silasi, alikuja na baiskeli yake akaitisha mkutano kwenye darasa ambalo halijaezekwa.

"Ndugu zangu," alisema, "dawa ni kupunguza. Uzeni nusu sasa hivi, wakati bado wanatembea."

Watu wakaguna. Ng'ombe aliyekonda nani atamnunua? Na nani atakuwa wa kwanza kupunguza wake ili wa jirani apate kula? Ryoba, mzee mwenye kundi kubwa kuliko wote, akauliza kama bwana mifugo amewahi kuoa, maana aliyeoa akalipa mahari ya ng'ombe hasemi maneno hayo. Wakacheka, na Silasi akaketi.

Ndipo Mwikwabe akasimama. Alikuwa hajalala vizuri siku nyingi, macho yamekuwa mekundu. "Majani yapo," alisema. "Tunayapita kila siku tukienda kuzika ng'ombe. Yako Isaro."

Vichwa vikageuka. Hata Ryoba alimtazama.

"Najua," Mwikwabe akaendelea. "Hata mimi nilikatazwa na baba yangu. Lakini baba yangu hakuona mwaka kama huu. Nasema tuwaingize msimu huu mmoja. Mvua ikianguka tunawatoa, tunapiga ua wa miiba. Mimi ni mwenyekiti, nitawatoa mwenyewe."

Kutoka upande wa wanawake Jenoveva akanyoosha mkono. Haikuwa kawaida mke kumjibu mumewe hadharani, lakini ilikuwa Ujamaa, na wanawake walikwisha kuambiwa wao pia ni wanakijiji.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "hapo mnapotaka ng'ombe wale ndipo ninapochota maji ya watoto. Wanawake wote hapa wanachota hapo. Ng'ombe hawali majani wakaacha maji. Wakiingia wameingia na kwato na mavi yao. Mvua ikianguka, ni nani atawaambia watoke? Wanajuaga maneno?"

"Nitawatoa mimi," alisema Mwikwabe.

"Umesema?"

"Nimesema."

Jenoveva akakaa. Alimjua mumewe. Alipokuwa hajaolewa neno lile ndilo lililomtoa Nyegina, na kwa hiyo hakuongeza jingine. Mikono ikanyooshwa, Isaro ikafunguliwa.

Ng'ombe walipona. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walilisahau. Makundi yaliyoingia bondeni yalimaliza ukame yakiwa na uhai, na watoto wa nyumba nyingi walikunywa maziwa. Mvua zilipoanguka, za vuli, nyepesi, Jenoveva alimtazama mumewe wakati wa chai. Mwikwabe akasema, "Nimeona. Acha maksai wa mradi wapate nguvu kwanza. Hasani anawataka kabla ya Krismasi."

Krismasi ikapita. Maksai wale wakauzwa, na kwa fedha zao darasa likaezekwa bati, watoto wakaimba. Likaletwa kundi jingine. Lile nalo lilihitaji kupata nguvu. Halafu ikawa Pasaka. Halafu ikawa sherehe za Sabasaba na wageni kutoka mkoani. Kila mara palikuwa na sababu, na kila mara sababu ilikuwa ya kweli. Mwikwabe hakupata kusema hapana. Alisema bado. Jenoveva akaacha kumtazama wakati wa chai.

Alikuwa anaamka mapema sasa, ili afike chemchemini kabla ya ng'ombe. Magimbi yalikwisha kuliwa na kung'olewa. Matete yalikanyagwa yakawa tope. Palipokuwa na mawe yaliyotoa maji pakawa na dimbwi lenye nyayo, kila unyayo una maji yake ya kijani. Wanawake walichimba visima vidogo pembeni kwa mikono na kusubiri vijae. Mwaka ule ugonjwa wa kuhara uliwapitia watoto wa mistari miwili ya nyumba. Eufrasia, kitinda mimba wa Mwikwabe, alilazwa misheni mpaka akawa mwepesi kama kifaranga. Alipona. Mtoto wa nyumba ya tatu hakupona, na mama yake hakuja tena kuchota na wenzake.

Masika ya mwaka wa sabini na saba yalikuwa makubwa. Mlima ulikuwa umebaki na ngozi tupu. Mchana mmoja, Mwikwabe akiwa kwenye josho, mvua ilinyesha huko juu ikapiga mfululizo, na badala ya kuzama ardhini ikateremka yote. Alisikia kwanza mngurumo, akadhani ni radi isiyotaka kwisha. Kisha akaona maji mekundu yanakuja kwa njia za ng'ombe, njia zote zinakutana, zinaingia Isaro kama watu wanaogombea mlango.

Akakimbia. Watu wengine walikuwa wamekwisha fika, wamesimama mbali, mikono kichwani. Mkuyu wa kwanza uliinama polepole sana, mizizi yake ikatoka ardhini ikining'inia hewani, halafu ukalala. Wa pili ukaufuata. Bonde lilikuwa linapasuka katikati. Mabonge ya udongo yaliyo makubwa kama vibanda yalijitenga na ukingo, yakadondoka, yakayeyuka. Hakuna mtu aliyekufa. Ng'ombe kadhaa walichukuliwa, na shamba la pamba la kijiji kule chini lilizikwa kwa mchanga mpaka lisitambulike.

Mvua ilipokatika, Jenoveva alikuwa amesimama karibu naye, kanga imemganda mwilini. Mwikwabe alitaka kusema kitu. Alifungua mdomo.

"Usiseme, baba Penina," mkewe alimwambia. "Leo usiseme kitu."

Palipokuwa Isaro pakabaki korongo. Maji yalitoka kidogo mwaka ule, mahali pengine, halafu yakaacha kutoka. Maji ya bomba yaliyoahidiwa hayakuwa yamefika. Wanawake wakaanza kwenda kuchota mtoni, safari ya asubuhi nzima, ndoo kichwani. Mgongo wa Jenoveva ulikwisha kuchoka kwa uzazi na jembe. Mwaka wa pili wa safari zile mgongo ukakataa kabisa. Alikuwa anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano.

Siku moja baada ya kuvuna mtama alifunga cherehani yake kwenye gunia. Ndugu zake walikuwa wamekuja na mkokoteni.

"Unaniacha?" Mwikwabe aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, hakumzuia.

"Sikukimbii wewe. Nakimbia kiu," alisema Jenoveva. "Nyegina maji ya ziwa yapo karibu. Ukichoka na ng'ombe wako, unakujua."

Akaondoka na Eufrasia. Penina alikuwa tayari yuko chuoni anasomea ualimu. Mwikwabe akabaki katika nyumba ya bati, akijipikia ugali uliokuwa mbichi katikati.

Alikaa hivyo miezi mingi, halafu akauza. Hakuuza wote siku moja. Aliwaondoa kidogo kidogo, na wa mwisho aliwapeleka Musoma mwenyewe. Hasani alikuwa amezeeka, mwanawe ndiye aliyeshika kisu. Alimkaribisha Mwikwabe kahawa kwenye benchi mbele ya bucha, akamsifu kama zamani.

"Nyama ya Kiterere ilikuwa na jina lake, bwana. Watu walikuja wakauliza, leo ni ng'ombe wa Mwikwabe?"

Mwikwabe alitazama mizani, na rundo la magazeti ya kufungia. "Tulikuwa tunauza mlima, Hasani," alisema. "Mlima tuliukata vipande, tukaufunga kwenye gazeti, watu wakaenda nao nyumbani."

Hasani aliweka kikombe chini. "Lakini hata mimi nilikuambia tu, wapumzishe. Sikusema mlima wote."

"Hukusema. Hata mimi sikusema mlima wote."

Aliporudi alianza kuziba korongo. Alikusanya mawe, akayapanga kwa mistari kukinga maji, akapanda mikonge na majani ya kushika udongo ukingoni. Peke yake, jua likiwaka. Watu waliokwenda mashambani walimsalimu bila kusimama. Ng'ombe wa wengine walipita juu ya mikonge michanga, na kila alichopanda kililiwa. Akaenda mkutanoni kuomba mlima ufungwe, hata upande mmoja tu.

Ryoba, sasa amekuwa mzee wa mkongojo, ndiye aliyemjibu. "Mwikwabe, wewe ulikula ukashiba. Sasa umenawa mikono unataka kutuondolea sahani? Ulipokuwa mwenyekiti ulituambia msimu mmoja. Tuambie na sisi, msimu mmoja unaishaga lini?"

Watu walicheka. Mwikwabe angeweza kusema kwamba Ryoba naye alinyoosha mkono siku ile. Angeweza kusema juu ya bati la shule. Aliona kwamba yote hayo ni kweli na hayasaidii. Alikaa chini. Bwana mifugo Silasi, yule aliyechekwa, alikuwa amehamishwa siku nyingi, na hakuna aliyejua yuko wilaya gani. Mwikwabe alitamani angekuwepo, apate kumwambia samahani.

Aliendelea na mawe mwaka mmoja zaidi. Sehemu moja ya korongo ilishika udongo, majani yakaota, machache, mapana. Ilipofika hapo nguvu zilikuwa zimemwishia. Akafunga nyumba, akaenda Nyegina.

Kwa mwanamume wa kwao, kuhamia kwa wakwe ni aibu ambayo mtu huimbiwa na watoto. Aliimbiwa. Jenoveva alimwonyesha mahali pa kulima viazi, akampa kitanda, na hakumkumbusha lile neno lililosemwa darasani. Labda ingekuwa afadhali angemkumbusha. Waliishi vizuri kwa namna yao. Jioni walikaa kuelekea ziwani, yeye anamenya viazi, Jenoveva anashona sare za watoto wa shule, na mara nyingine waliongea mpaka wakacheka.

Mwaka wa themanini na nne, Penina alikuja likizo kutoka Tarime alikokuwa anafundisha. Alikuwa na binti yake, Kwangu. Akamwomba baba yake wapande naye lori la pamba mpaka Kiterere, mtoto apate kuona alikozaliwa mama yake. Jenoveva alikataa kwenda. Alisema mgongo, na wote wakakubali kwamba ni mgongo.

Kijiji kilikuwa kilekile, nyumba zimepungua. Wengi walikwisha kuhama na mifugo yao kwenda kutafuta majani upande wa Bugwema na mbali zaidi. Korongo lilikuwa limepanuka likaila njia ya zamani. Walisimama ukingoni, upepo unavumisha vumbi.

"Babu," Kwangu aliuliza, "chemchemi ilikuwa wapi?"

"Pale," alisema Mwikwabe, akanyoosha mkono. Kisha akasita. Pale aliponyoosha mkono palikuwa juu mno. Isaro ilikuwa chini ya mikuyu, na mikuyu ilikuwa... Alihesabu kutoka mahali pa boma la zamani, lakini boma halikuwa na alama. Akatazama mlima ule aliozaliwa juu yake, uliokuwa umejikunja kama kiwiko, na kiwiko hakikuwapo.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo."

Akaanza kutembea kandokando ya ukingo, anainama, anainuka, anageuka nyuma kupima kwa jicho. Penina alimshika mtoto mkono wasimfuate. Walimwona akisimama mahali, akipiga udongo kwa kisigino, akiondoka, akisimama pengine. Jua lilikuwa limepanda.

"Baba, twende," Penina aliita. "Lori litatuacha."

"Nakuja," alijibu, akaendelea kutafuta.